Chupa Iliyogeuka Nyeusi

Yaya Paluku, kaka yangu mkubwa,

Nakuandikia kutoka Beni, palepale uliponiacha. Luofu kwetu sijarudi, njia bado ina vita, na mama hajaona kaburi lako. Vidole vyangu vimepasuka kwa sululu, usiucheke mwandiko.

Ni habari ya kile kisima tulichochimba kwa Mama Kavira. Unakumbuka siku maji yalipotoka? Ulichota kikombe mbele ya majirani, kama ilivyo desturi yetu wachimbaji, ukasema: "Mwenye anachimba, ni yeye anakunywaka wa kwanza. Kama hakufe, batu bakunywe!" Wakacheka. Ukanywa. Tukaamini ulimi wako umeyapima maji.

Kisha ukaenda kutafuta kazi Butembo. Huku nyuma vita vikaleta wakimbizi, wakajaa kwenye parsele ile, kiwanja cha Mama Kavira. Mama Kavira hakumfukuza hata mmoja. Akaniomba niwachimbie choo. Wewe ulinifundisha, choo kikae upande wa chini wa mteremko kuliko kisima, tena mbali. Lakini chini kulikuwa na mawe, na mimi nilikuwa nimechoka. Juu udongo ulikuwa laini. Nikachimba juu.

Sikukuambia, yaya.

Uliporudi, mvua ilikuwa ikinyesha kila siku. Ulikula bugali na sombe ya majani ya muhogo kwa Mama Kavira, ukanywa maji ya kisima chetu. Tumbo likakuendesha siku mbili, ya tatu hukuamka. Watoto wa wakimbizi nao walikuwa wakiharisha. Tulisema ni njaa. Kwenye kilio chako mtu mmoja akasema, "Hii ni karuho. Mama ule alimupa sumu." Nikalidaka neno hilo, nikalisema kwa sauti kuliko wote.

Tangu hapo watu wanapiga mawe bati lake. Sombe yake sokoni haina mnunuzi. Mimi nikipita kwake nilikuwa natema mate. Na sasa vijana wanasema watamchomea nyumba.

Juma lililopita muuguzi wa kituo cha afya alikuja kupima visima. Alikuwa na vichupa vyenye kikaratasi ndani. Kimoja alikitia maji ya kisima chetu, kingine ya chemchemi, akaviweka dirishani. "Ikikuwa nyeusi, ni choo imeingia." Siku ya pili maji ya chemchemi yalikuwa vilevile. Yetu yalikuwa meusi kama masizi ya sufuria. Nikamuuliza kama ndiyo yaliyokuua. Akasema, "Siwezi kuapa. Lakini maji hii, hapana ya kunywa."

Mama Kavira alikuwa amesimama pale. Hakuuliza choo kile kilichimbwa na nani. Anajua. Akaingia ndani.

Yaya, naogopa. Vijana wale niliwawasha mimi mwenyewe. Lakini Jumapili, misa ikiisha, nitasimama kwenye uwanja wa kanisa na ile chupa nyeusi mkononi, niseme karuho hakuna, choo nilikichimba mimi. Wakitaka kupiga, wanipige mimi. Kisha nitafukia choo na kisima, nimchimbie kisima kingine juu kabisa, hata nikikuta jiwe. Na kikombe cha kwanza sitakinywa. Chupa ya muuguzi ndiyo itakayoyanywa maji kwanza.

Kila niliposhuka shimoni, wewe ndiye uliyenishikia kamba. Jumapili nashuka bila wewe.

Lala, yaya wangu.

Mdogo wako,
Kambale