Posa Bila Mausi

Ololosokwan, 3 Juni 2025

Shangazi Scholastika, shikamoo. Mimi mzima, ila baridi ya huku inauma. Mgongo wako je?

Dereva wa kambi ninakofanya kazi amebeba flashi yenye barua ya posa ya Ndeshi. Nimechukua ile ya kaka Joel nikabadili majina. Kompyuta ya hapa kambini mausi imekufa, nimefuta herufi mojamoja hadi kidole kimechoka. Ichapishe hapo steshenari kwako, Jumapili ya tarehe 15 umpelekee baba yake, Mzee Leodegar. Akikataa, sijui nitafanyaje.

Mwanao, Mathias

Karatu, 6 Juni 2025

Marahaba, baba. Mgongo haujambo, macho ndiyo yameona maajabu. Aya ya pili: “tunamwomba binti yenu Goodness.” Weeh! Goodness si mke wa Joel? Mzee angenifungulia mbwa!

Sirekebishi, posa ni yako; flashi nimemrudishia dereva. Mausi huna, vidole unavyo. Simama mwanzo wa neno, shikilia Ctrl na Shift, bonyeza mshale wa kulia: neno zima linapakwa rangi. Andika jina sahihi hapohapo. Shift na mshale wa chini huchukua mstari mmoja mmoja. Ctrl na A huchukua barua yote. Hapo ukigusa herufi yoyote, kwisha habari.

Shangazi yako

Ololosokwan, 10 Juni 2025

Shangazi, shikamoo. Pole kwa aibu niliyotaka kukupa.

Goodness nimemwondoa. Kisha nikashuka mstari kwa mstari nikisoma: “binti mpole asiyeinua sauti.” Ndeshi huyuhuyu anayewafokea madalali wa vitunguu sokoni Mang'ola hadi wanapunguza bei? Nikabonyeza Ctrl na A, nikafuta yote. Nimeandika yangu, mistari mitatu tu, dereva anakuletea. Naogopa kuliko mwanzo.

Mwanao, Mathias

Karatu, 16 Juni 2025

Mathias mwanangu, hujambo? Mimi sijalala kwa furaha.

Mzee alivaa miwani, akasoma kwa sauti: “Naomba kumwoa Ndeshi. Akigomba sokoni mimi husimama kumsikiliza. Siku nisipomsikia sina raha.” Mama yake Ndeshi, Antonia, akacheka hadi akashika mbavu: “Huyu anamjua mwanangu.”

Wakamwita Ndeshi, wamuulize kama barua ipokelewe. Akasema ndiyo kabla baba yake hajamaliza swali.

Shangazi yako