Mguu wa Gatimu na Kodi ya Wamae

Jumatatu, 4 Machi 1968

Wamae, nilikuzaa mimi, lakini hiyo akili uliiokota wapi? Mwanamume wa miaka thelathini, ng'ombe watatu wa maziwa, na hana risiti ya kodi! Mwaka wa pili huu. Baba yako Gatimu alimlipa Mzungu huku anamchukia. Akalipa kanjo, hilo baraza la wilaya, mpaka chifu akasema amezeeka, basi. Wewe unasema ati kanjo inakula tu. Na dawa ya dispensari inatoka wapi? Inaota kando ya njia kama mboga ya managu?

Mguu wa mzee unanuka. Jembe lilimkata wiki mbili sasa. Chini ya goti ni mweusi. Nimemwambia Wamae ampeleke leo. Amesema kesho.

Jumanne, 5 Machi

Hawakufika mlango wa dispensari.

Askari wa kanjo wamepata ujanja. Hawasumbuki kuzunguka mashambani. Wanajificha nyuma ya choo cha dispensari, wanangoja wanaume wanaoleta wagonjwa. Mgonjwa ndiye chambo.

Wamae alisukuma baiskeli, baba yake amekaa nyuma, mimi nafuata. Wakamuuliza risiti. Akaachilia baiskeli akakimbia — akamwacha baba yake! Mzee akaangukia mguu ule ule. Wamae wakamshika kwa ua wa seng'enge. Rungu, rungu. Mkono ukavunjika kama bua la mahindi, nilisikia. Nikaokota jiwe nikampiga askari mmoja kwa sikio. Damu mpaka kola. Sijuti.

Askari huyo ni Simiyu, yule wa kutoka Bungoma. Mtoto wake nilimpokea mimi akizaliwa, kwa mikono hii. Alishika sikio akaniambia pole pole, "Mama, mimi nakula hiyo kodi. Asipolipa, mimi nilishe watoto nini?"

Nikamtemea mate.

Wamae wamemtupa kwa lori pamoja na baiskeli. Monicah, dresa anayefunga vidonda dispensari, aliosha mguu wa mzee kwa maji ya chumvi. Sindano zimeisha, zingine zitakuja Ijumaa kutoka Nyeri. Akasema Ijumaa ikipita, mguu utaua mzee.

Alhamisi, 7 Machi

Nimekuta wanaume kwa jirani Ngatia na debe la mafuta taa. Wanataka kuchoma dispensari, ati askari wakose mahali pa kujificha. Wapumbavu! Mawe ya ule ukuta tulibeba sisi kutoka mtoni.

Ngatia akasema, "Cucu, nyanya yetu, mzee wako anaoza na bado unatetea kanjo?"

Nikamwambia, "Natetea sindano ya kesho."

Walicheka. Nikachukua panga nikatoboa debe, mafuta yakamwagika kwa viatu vyao. Ngatia akanipiga kofi, mimi, umri wa mama yake. Nikamkata kiganja. Kagure, mke wake, akatutenganisha huku analia. Jino langu moja limetoka.

Hao wote ni wanaume saba. Risiti hata moja hakuna.

Ijumaa, 8 Machi

Asubuhi. Monicah ametuma neno: sindano zimefika, chache, anatuwekea mpaka saa sita tu. Watu wa Kieni yote watakuja. Askari nao wameongezwa, wako sita na bunduki moja. Nimepita boma tano. Hakuna mwanamume wa kubeba mzee. Kila mmoja ana kikohozi ghafla.

Gatimu anaongea na ndugu yake aliyekufa wakati wa Emajensi ya Mau Mau.

Wanawake hatuulizwi risiti. Basi ni mimi na Wachuka, mke wa Wamae. Nimeleta ule mkanda wa ngozi tunaobebea kuni, wa kuvuta na kichwa. Gatimu ameuona, akili ikamrudia. Amekataa. Ati mke wa mwana wake kumgusa ni mwiko, heri afe na heshima yake. Wachuka amesimama mlangoni anaangalia chini.

Wachuka, wacha kuangalia chini. Thoni, hiyo aibu ya mkwe, ni ya wazima. Mimi nambeba mpaka mtoni, wewe kutoka mtoni mpaka juu dispensari. Akipiga kelele, mzibe mdomo na leso. Mshike miguu sasa, kaza mkanda, twende.