Udongo wa Bustani kwenye Suruali ya Muhizi

Louisville, Kentucky
Novemba 2015

Kwa dada yangu mkubwa, Mama Muhizi,

Salamu nyingi kutoka kwa mdogo wako, na amani ya Bwana iwe juu ya nyumba yako huko Uvira. Mmeamkaje wote? Goti lako la kushoto linasemaje msimu huu wa mvua? Na yule mtamba uliyemnunua ameshapata mimba au bado anawazungusha? Sisi tunapumua. Baridi imeanza kung'ata hapa Beechmont, na asubuhi nakwenda kituo cha basi nimejifunga kile kitenge chako ndani ya koti. Usicheke.

Barua hii anakuletea mchungaji wetu anayekuja kuwaona watu wake huko. Ningeweza kupiga simu, lakini wewe kwenye simu unanikata maneno, unalia kabla sijafika katikati, nami nalia, na hatujasemezana kitu. Safari hii nataka unisome hadi mwisho. Nimesikia Mama Ruti, yule wa kanisa letu anayekaa Highview, amekuambia kwamba kocha mpya amemvunja mwanao bega, na kwamba umefunga siku tatu ukimwomba Mungu amwondoe mtu huyo. Acha kwanza kufunga. Kula, kisha usome.

Kazi yangu unaijua: nafua nguo za wachezaji katika chuo anachosoma Muhizi. Mpira wa hapa si ule wetu. Mpira wenyewe umechongoka pande mbili, wanaubeba kwapani wanakimbia nao, na kuna kundi ambalo kazi yake ni kumwangusha anayeubeba. Hilo ndilo kundi la ulinzi, na ndimo alimo Muhizi. Kwa ajili ya hiyo kazi chuo kinamlipia masomo. Lakini kwa miaka miwili ulinzi wao ulikuwa chujio. Kila aliyetaka kupita alipita, na watu walikuwa wanaondoka uwanjani kabla mchezo haujafika nusu.

Mwezi wa nane wakaleta kocha mpya wa ulinzi, katoka Buffalo. Mwanamume mfupi, mwenye kipara na sauti ya chini. Siku ya kwanza alishuka hadi chumba chetu cha kufulia, ambako kocha mwingine hajawahi kukanyaga, akanipa mkono, akaniuliza jina. Akalirudia mara tatu, Nyamahoro, Nyamahoro, Nyamahoro, hadi likamkaa mdomoni. Kesho yake alinisalimia kwa jina. Wiki haijaisha, alikuwa anawajua wachezaji wote, na mama zao wanaitwa nani.

Wenzangu walifurahi. Mimi sikufurahi. Wewe hutaniuliza kwa nini, maana unamkumbuka yule kamanda aliyekuja kwetu milimani na daftari, mpole, anasalimia hadi watoto kwa majina. Wiki mbili baadaye daftari lile lilisomwa, na jina la shemeji yangu, baba yake Muhizi, lilikuwa la nne; walioitwa hawakurudi. Tangu siku hiyo mgeni akijifunza majina haraka, mimi naangalia mlango uko wapi.

Halafu akaja na ombi. Wachezaji wakimaliza mazoezi, kila mmoja hufunga nguo zake kwenye mkanda wenye namba yake, sisi tunazitia kwenye mashine. Kocha akasema suruali za walinzi zisifuliwe mpaka yeye apite kwanza. Hakusema sababu. Kila jioni anazitandaza mezani, anaangalia magoti, anaandika kwenye daftari. Daftari, dada. Dogo, jeusi, linaingia mfukoni.

Sikulilalia jambo hilo. Nilimpigia Dorcas, binti wa mjomba, yule anayetunza wazee kule Buffalo, nikamwambia achunguze. Baada ya siku mbili akanirudia. "Yaya, dada yangu, uyu muntu banamujua apa," akasema. "Alifika, mwaka ikaisha, batoto munane habakuonekana tena mu ekipe. Donc, uchunge sana." Wanane wametoka kwenye timu mwaka mmoja; nikasema nilijua. Jumapili nikamweleza Mama Ruti, na ukimweleza Mama Ruti umeliambia kanisa lote. Kwa hiyo, dada, maneno ya kwanza mabaya juu ya kocha huyu yalitoka kinywani mwangu.

Nikampigia na shemeji Sebagabo, anayekaa Whitehall kule Columbus. Yeye akampa simu jirani yake, Mkenya mmoja aitwaye Kiprono, aliyekuja kusoma akabaki na kazi ya ofisini, mtu anayewafuata makocha kama wengine wanavyowafuata waimbaji. "Mama, usijali," akaniambia. "Huyo jamaa hana maneno mingi. Akichukua team iko chini, anatupa plan zote za zamani, anaacha chache tu. Kila mtu anapewa nafasi yake ya kuziba na hatoki hapo, hata mwenzake akilemewa. Watu wakianza kuaminiana, defence inasimama. Hakuna uchawi."

Hilo nililielewa kuliko alivyodhani. Unakumbuka baba alivyotugawia uzio wa zizi, kila mtoto na kipande chake cha kuziba kwa matawi? Fisi akilia upande wa kaka, hukimbii huko. Unakaa kwako, kwa sababu fisi wa pili halii. Nikamwambia Kiprono mpango ni mzuri, ila mpango mzuri hauniambii daftari ni la nini. Akacheka. Mimi sikucheka.

Na kweli ulinzi ulianza kusimama. Niliuona kwenye nguo kabla ya kuuona uwanjani. Uwanja wa mazoezi una udongo mwekundu, na mvua ya Septemba ilipokuja, suruali zilizokuwa zinarudi na tope hapa na pale zikaanza kurudi na magoti mekundu, zote, jioni baada ya jioni. Zote isipokuwa ya namba arobaini na nne. Hiyo ni ya mwanao.

Ya kwake ilirudi safi Jumanne, ikarudi safi Jumatano. Nikaanza kuona mambo: kocha ataandika, mwisho wa mwaka watakuwa wanane wengine, na wa kwanza ni mtoto niliyepewa na dada yangu. Siku majina yetu ya kuja Marekani yalipoitwa kule kambi ya wakimbizi na lako likakosekana, ulinishika mkono ukasema, "Umulinde uyu." Maneno mawili. Nimeishi nayo miaka minane.

Nisikilize sasa. Alhamisi, kabla kocha hajashuka, nilitoka nje ya mlango wa nyuma, ambako kuna bustani ndogo ya maua, nikachota udongo kwenye kikombe, nikautia maji, nikaikandika ile suruali magotini na mapajani kama tunavyokandika nyumba. Mimi, ambaye tangu nifike nchi hii kazi yangu ni kutoa uchafu. Kocha akaja, akaangalia, akaandika, akapita. Nikamshukuru Mungu. Nilifanya hivyo wiki tatu, kila siku ya mazoezi.

Sasa ona nilichokifanya. Kocha alipoona magoti ya Muhizi machafu kila siku, akampandisha kwenye kumi na mmoja wa kwanza. Mtoto alikuja nyumbani akaniambia, "Mama mudogo, bamenitia mu bale ba kwanza. Samedi minaanza." Alisema habari hiyo ya Jumamosi akiangalia sahani. Nikapiga vigelegele, nikampikia nyama, wala sikuona kwamba anakulia mkono wa kushoto. Hapana, niliona, lakini nikadhani amejifunza mambo ya wenzake.

Walishinda mchezo huo, wakashinda na uliofuata, na hapa chuoni watu wakaanza kutembea kifua mbele. Kisha wakaenda kucheza Columbus. Shemeji Sebagabo na Kiprono walikwenda kumwona, mimi nikabaki na simu mkononi. Shemeji alikuwa ananieleza kila kitu. "Mutoto ameanguka," akasema. "Haamuke. Bon, sasa ameamuka, lakini mukono yake inaninginia tu." Kiprono akachukua simu, akasema Muhizi hakuiacha nafasi yake, mtu mkubwa kamjia na yeye akampokea kwa bega la kulia, na yule mtu hakupita. Aliniambia akidhani ananifariji.

Daktari alisema bega halikuharibika siku hiyo. Lilikuwa limechanika wiki nyingi kabla, mtoto akanyamaza kwa hofu ya kupoteza nafasi, akawa anakwepa kuanguka mazoezini. Ndiyo maana ya zile suruali safi.

Jumatatu kocha akashuka kwenye chumba cha kufulia. Suruali za Alhamisi zilikuwa bado hazijafuliwa kwa sababu ya safari. Akaitandaza ya Muhizi, akaweka kando yake ya mwenzake. Akaziangalia kwa muda mrefu. Moja ina tope jekundu lililoburuzwa hadi kwenye nyuzi. Nyingine ina udongo mweusi wa maua, uliopakwa, na alama za vidole zinaonekana. Akasema, polepole ili nielewe, kwamba mchezaji mmoja amemdanganya, na kwamba uwongo ni kitu asichokisamehe kwa urahisi, na sasa anakwenda hospitali kumwuliza kwa nini.

Dada, mlango ulikuwa wazi nyuma yangu. Ningeweza kunyamaza na mtoto angebeba. Nikamwambia, "Ni mimi."

Hakunifokea. Ningependelea anifokee. Aligeuza pipa la nguo akalikalia, akauliza sababu, na kwa Kiingereza changu cha kuokoteza nikamweleza habari ya kamanda na daftari lake, na jina la nne. Akatoa lile daftari dogo mfukoni akanipa mimi nishike. Nilisoma kwa kidole. Kila ukurasa una namba za wachezaji, na kila magoti yaliporudi safi ameandika: mwulize kama anaumia, mwulize kama anaogopa, mfundishe tena. Akaniambia kamera hufuata mpira, lakini suruali humfuata mtu. Nikatafuta arobaini na nne. Jumanne na Jumatano za mwanzo: mwulize. Kuanzia Alhamisi ile: sawa. Sawa. Sawa. Wiki tatu za sawa, na zote nimeziandika mimi kwa udongo wa bustani.

Nikamwuliza, zile siku mbili, mbona hukumwuliza? Akasema alimwuliza, na Muhizi akamjibu yuko vizuri, na kesho yake magoti yakawa machafu, akaamini. Akasema alipaswa kuona rangi. Akainuka aondoke. Kabla hajafika mlangoni nikamwambia, kama nafasi ya mtoto haijapotea, aandike kwenye karatasi. Akarudi, akaandika kwamba masomo yake yanaendelea kulipwa, akatia sahihi. Nimeshampelekea Kiprono aisome. Bado simwamini mtu huyo kabisa, nisikudanganye, ila karatasi ni karatasi.

Na wale wanane wa Buffalo? Dorcas amepiga tena, kwa aibu kidogo. Walikuwa wamemaliza masomo.

Bega wameshalipasua na kulishona. Daktari hasemi ndiyo wala hapana kuhusu kucheza tena. Muhizi anakwenda mazoezini mkono umefungwa shingoni, anasimama kando ya kocha anawapigia kelele wenzake wasiache nafasi zao. Nilimweleza nilichofanya. Akasema, "Mama mudogo, na miye nilikuficha." Tukaishia hapo.

Lakini kinachoninyima raha si udongo. Ile suruali niliiona safi kabla kocha hajaiona. Nilijua mimi wa kwanza. Nikauliza Buffalo, nikauliza Columbus, nikauliza hadi Highview, juu ya mtu niliyemwona juzi. Mtoto alikuwa mezani kwangu anakulia mkono wa kushoto, na yeye sikumwuliza. Ulinipa kipande kimoja cha uzio, dada, nikakiacha nikimkimbilia fisi anayelia.

Nisamehe ukiweza, na kama bado huwezi, nambie hivyo, nitasubiri. Mama Ruti nimeshamweleza ukweli, atausambaza kwa kasi ileile.

Nisalimie kaka mkubwa na mkewe, nisalimie shangazi anayelala nawe, na mabinti zako wawili uwabusu. Mwambie mzee wa kanisa aliyefunga pamoja nawe kwamba namshukuru, na kwamba sasa ale.

Mchungaji akishakupa barua hii, piga simu, ila usianze na mimi. Mwite Muhizi umwulize bega linaumaje. Mimi namwuliza kila siku. Ananijibu, "I'm good," yuko vizuri. Namwuliza tena.

Mdogo wako akupendaye,
Nyamahoro