Darubini Inayopunja

Lituhi, ufukweni Nyasa
Jumapili, baada ya misa

Mama Neema, mke wangu,

Hamjambo huko Mpwapwa? Mguu wa mama umeacha kuvimba, au bado anauficha chini ya kanga asipelekwe hospitali? Mpe shikamoo yangu kabla hujamsomea mbele, maana akisikia habari za mamba kwanza hataitikia. Mimi mzima. Nimenenepa kwa usipa, wale dagaa wa huku, ila ziwani sijaingia hata kifundo cha mguu. Naoga kwa ndoo nyuma ya nyumba, wenyeji wanacheka. Wacheke.

Kwenye simu uliuliza mbona sauti imepoa, ukahisi nimepata mwanamke wa Kinyasa. Nani ataniokota na kitambi hiki? Kilichonipoza ni mamba, na sasa nakueleza vizuri.

Pale mto unapoingia ziwani alimkamata dada wa mvuvi mmoja, Baba Tito, akichota maji. Hakurudi. Idara ya wanyamapori ikanituma nimpige. Huyo mnyama akiona mtu karibu anazama, kwa hiyo pa kumlengea ni ng'ambo tu, mita mia nne kutoka kwenye fungu la mchanga anapoota jua. Nilikuwa na darubini mpya juu ya bunduki. Nikalala kifudifudi kijiji kizima kikitazama, nikafyatua. Mchanga ukaruka chini ya taya lake. Akaingia majini taratibu, kama mtu aliyekumbuka ana kazi nyumbani.

Nilitegemea kuchekwa. Hakuna aliyecheka. Mama Kostansia, muuza samaki anayenipikia, alisema kwa sauti ndogo: "Mmeona? Risasi imemwinamia."

Basi jina la Mzee Alanus likatajwa. Ni mjane anayeishi peke yake karibu na mdomo wa mto, na aliwahi kugombana na Baba Tito kuhusu mahali pa kuegesha mitumbwi. Huku wapo wanaoamini kwamba mtu anaweza kumfuga mamba kwa dawa na kumtuma. Wakasema mbona mamba anapita kwake kila siku na bata wake hawaguswi. Kwenye kikao Baba Tito alisimama, macho mekundu ya msiba, akasema askari akikosa tena, Mzee apelekwe kwa mganga akanyolewe. Usidhani ni mambo ya kinyozi. Mtuhumiwa ananyolewa ili uchawi umtoke, na akishanyolewa ndiyo amekiri. Atazikwa na jina hilo.

Nilimfuata Mzee nyumbani. "Bata walikuwa tisa," akaniambia, "wamebaki wanne. Hakuna aliyeniuliza watano wako wapi. Na wewe, kijana, ulikosa kwa makusudi?"

Kijana! Nilifurahi kidogo, halafu nikakumbuka swali. Sikulala vizuri. Nilimshuku Baba Tito kwamba anataka ile sehemu ya mitumbwi. Nilimshuku dereva wa lori la makaa ya mawe aliyenipa lifti kutoka Ngaka, kwa kuruka kila shimo na bunduki yangu. Padri asisikie, hata Mzee mwenyewe nilimtazama kwa jicho la pembeni. Nikajishuku mimi na macho yangu ya miaka hamsini. Mwisho ikabaki darubini.

Juu yake kuna kirungu cha kuzungusha. Kila kikilia "ta", risasi inatakiwa kupanda sentimita moja kwa mita mia. Kwa mbali unakipandisha ili risasi isianguke njiani. Lakini nani alishawahi kukipima? Mita mia nne huwezi, ukikosa utasingizia upepo. Karibu hakuna kisingizio.

Nikaazima ubao mrefu kwa fundi mitumbwi, nikausimamisha kwenye kichuguu nyuma ya shule, mita mia kwa futi kamba. Ilibaki kamba yenye chubwi, ile risasi ya wavu, ining'inie nichore mstari wima. Na mimi kwa akili zangu nikaazima ya Mzee Alanus! Watu wakaruka nyuma kama nimeshika nyoka.

"Kamba ya nani hiyo?" Baba Tito akafoka. "Kumbe mko pamoja!"

"Lete ya kwako basi. Shika mwenyewe, chora mwenyewe, pima mwenyewe. Mimi nitalala tu, ndiyo kazi niliyobobea."

Akaileta. Akachora mstari kwa mkaa na alama nyeusi chini. Nikaipiga alama, risasi ikaingia palepale. Nikazungusha kirungu milio arobaini, Baba Tito akihesabu kichwa chake karibu kigonge changu, nikalenga alama ileile ya chini. Tundu la pili lilipaswa kuwa sentimita arobaini juu.

Akapima. Akapima tena. "Thelathini na nne."

"Rudia," mtu akasema. Nikarudia. Thelathini na nne.

"Kwa hiyo siku ile..."

"Nilipandisha milio ishirini na minne, ikanipa ishirini tu. Kule mbali ni zaidi ya kiganja chini."

"Chini ya taya," akasema polepole.

Mama Kostansia akapiga makofi. "Kumbe inapunja! Kama kopo lililobonyezwa kitako!"

Juzi asubuhi, alipotoka kuota jua, nilizungusha milio ishirini na minane. Mamba hakuinuka. Watu walimvuta kwa kamba za nyavu huku wanawake wakilia upya, na mimi nililia nao.

Usidhani imekwisha. Jana nimesikia kisimani kwamba Mzee aliona kamba ya Baba Tito, akaogopa, akamwachia mamba wake afe. Lakini habari ya kunyolewa hakuna aliyeitaja tena. Nimekaa nasikiliza.

Nisalimie shemeji fundi cherehani, suruali alizonishonea zinanibana, kosa si lake. Neema mwambie baba anauliza matokeo ya mtihani. Jirani yetu mwenye mbuzi mwambie wasiguse mihogo yangu.

Nilikuwa naikunja barua Mzee Alanus akaja kunivuta mkono. Baba Tito ameketi mbele ya nyumba ya Mzee, ametupa mgongo, anashona wavu uliochanika.

"Tangu asubuhi," Mzee akanong'ona. "Hasemi kitu. Anataka nini?"

"Muulize."

Mzee akalitazama jua, kisha akamtazama yeye. "Jua kali pale. Mwambie asogee kivulini. Mwambie wewe, mimi bado simwamini."

Naenda kumwambia.

Mumeo,
Baba Neema