Muhindo Niliyemfukuza Mbele ya Joka

Bwera, Jumanne usiku

Kumbe hakuwa Muhindo wetu! Bado nacheka, na aibu ninayo.

Mchana mtoto alilala, nikaingia kwenye mchezo wa simu. Kundi letu lilikuwa karibu kuliua joka tulilolisubiri wiki nzima, mimi nikiponya majeruhi. Nikaona mpiganaji mpya, jina lake Muhindo. Mdogo wangu wa Kyondo, naye Muhindo, ana mitihani, na aliniahidi hatagusa mchezo. Nikaandika: "We Muhindo! Umekula? Toka humo sasa hivi, ushike kitabu!"

"Ndiyo, mama," akajibu, akatoka. Bila yeye, joka likatumaliza sote.

Nikampigia mama simu. Muhindo yupo uani, anasoma. Nilisahauje? Kwetu kila mvulana anayezaliwa baada ya dada zake ni Muhindo, na msichana baada ya kaka zake vilevile. Wamejaa hadi Butembo, ng'ambo ya mpaka.

Uchovu huu wa kulea unanitia wasiwasi. Siku hizi namwamrisha kila mtu kama nimemzaa.

Jioni yule mgeni akaandika. Ni mchuuzi wa Butembo, baba wa watoto wanne: "Mama, nilishakula. Kitabu sina. Niko naomba kurudi."

Nikamjibu arudi kesho, mtoto akilala. Ila ale kwanza.