Nilivyomjulia Hali Metroni

Hospitali ya Mgodi,
Geita,
Mei 1957

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimepiga magoti hapa hapa chumbani kwetu, na sakafu ni ya saruji, kwa hiyo ujue shikamoo hii ina maumivu yake. Macho yanaendeleaje? Dada Justa anakuletea uji mwenyewe kila asubuhi, au anamtuma mumewe? Ng'ombe wanapata maji? Mimi ni mzima, nakula vizuri, na kile kikohozi cha wakati wa mvua kimekwisha.

Barua yako imefika. Umeniambia nirudi Nyahanga kabla pamba haijaanza kuchumwa, maana wazee wa kina Theonest watakuja kuzungumza habari ya mahari. Sijaipuuza. Theonest ni mtu mwema na sina neno baya juu yake. Lakini kabla sijakujibu, nivumilie nikueleze habari ya Kiingereza, kwa sababu jibu langu lote limo humo.

Unajua kwamba hapa mimi ni msaidizi tu wa wodini. Nafua bendeji, nalisha wagonjwa, naosha wachimbaji wanaotolewa shimoni na majeraha. Mwaka huu Metroni, yule mama Mwingereza anayetuongoza sote, alitangaza kwamba msaidizi mmoja atapelekwa Dar es Salaam kusomea uuguzi kamili. Sharti lilikuwa moja: kuzungumza Kiingereza mbele ya wakubwa, tena kuzungumza hasa, si kuandika. Nikaona mambo yameniharibikia. Kiingereza changu cha shule ya masista kilikuwa cha ubaoni, kimejaa maneno marefu ambayo Metroni mwenyewe hayatumii. Yeye husema kwa maneno mafupi yaliyofungwa pamoja. Look ni kutazama, kila mtoto wa shule anajua, lakini ukiifungia after inakuwa kutunza, na ukiifungia for inakuwa kutafuta. Yako mengi ya namna hiyo, kama utitiri. Mimi nilikuwa nikiyaelewa baadaye, nikiwa nimeshajibu Yes, Metroni, na mwenyewe ameshakwenda zake.

Rafiki yangu Serafina, Mzinza wa kule Nkome ninayefua naye, alinicheka sana. Aliniambia nayakariri kama katekisimu, ndiyo maana hayatoki mdomoni. Alisema kweli. Kisha siku moja akalazwa bibi mmoja wa kwetu, Msukuma, akanipa mwangaluka, salamu yetu ya asubuhi, na kuendelea kuuliza ya nyumbani, ya mashamba, ya ndama, ya wagonjwa, bila haraka hata kidogo ingawa alikuwa na homa. Nikiwa namjibu, niligundua kwamba mambo hayo hayo ndiyo Metroni huyasemea kwa vile vineno vyake: nani anamtunza nani, nani amepona, nini kimeisha ghalani, nani hawaelewani. Kuanzia hapo mimi na Serafina tukawa tunasalimiana kwa desturi ya Kisukuma lakini kwa maneno ya Kiingereza kila asubuhi, mikono imo kwenye sabuni. Serafina alisema Waingereza hawaulizani habari za ndama. Nikamwambia hiyo ni shida yao. Masika yalipokwisha, maneno yalikuwa yakinitoka bila kuyaita.

Siku ya kuhojiwa niliwakuta Daktari, Metroni, na afisa mmoja wa Kizungu kutoka Mwanza. Afisa alikuwa tayari na swali lake la kwanza. Lakini Baba, wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mtu haanzi shughuli na watu ambao hajawajulia hali. Basi nikaanza mimi. Nikamwuliza Daktari wanawe wanaendeleaje huko shuleni kwao. Nikamwuliza afisa habari za njiani na za nyumba yake. Kisha nikamgeukia Metroni. Wodini sote tulijua kwamba mama yake anaumwa huko Uingereza. Nikamwuliza kama ameshapona, has she got over it, na ni nani anayemtunza, who is looking after her. Nilisema vizuri, tena nikimtazama usoni.

Afisa akaweka kalamu mezani. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba kwao mwomba kazi huulizwa, haulizi, nikajua nimejimaliza. Lakini Metroni alijibu. Alisema mama yake hajapona na hatapona, na anayemtunza ni jirani tu, kwa kuwa binti yake wa pekee yuko huku anatunza watu wengine. Alisema tangu habari hizo zimfikie, hakuna mtu hapa mgodini aliyemwuliza. Sikupata neno la pole kwa Kiingereza, nikasema pole hivyo hivyo, na akalielewa. Tukazungumza mimi na yeye mpaka yule afisa akasema haoni haja ya kuuliza maswali yake.

Nimechaguliwa, Baba.

Sasa namwomba Mwalimu Donatus, anayekusomea, awaombe waliokaa hapo watoke kidogo, halafu aendelee.

Kabla sijatoka, Metroni naye aliniuliza ya kwangu. Alitaka kujua nani anamtunza baba yangu. Nilimwambia tangu Mama afariki unatunzwa na Justa, ila wewe mwenyewe hukubali kutunzwa, akacheka. Kisha akaniuliza kama utakubali niende. Barua yako ilikuwa mfukoni mwangu. Nikamjibu, My father will not hold me back, yaani baba yangu hatanizuia. Sikusita. Ndiyo sentensi nzuri kuliko zote nilizosema siku ile, na ndiyo pekee ambayo sikujua kama ni kweli.

Nimekusemea bila ruhusa yako, mbele ya wageni. Sijuti kuchaguliwa, na Theonest nitamwandikia mwenyewe asiningoje. Lakini kukuacha kunaniuma, na sikutaka ulisikie jambo hili kwa mtu mwingine.

Dada Justa na shemeji uwasalimie sana, na majirani wote wa hapo Nyahanga. Serafina anakuamkia. Treni ya kutoka Mwanza itakayonipeleka Dar es Salaam itasimama Isaka mwanzoni mwa Julai; siku yenyewe nitakuarifu. Nitakuwa dirishani. Huna haja ya kuleta kitu wala kusema neno. Nikikuona tu umesimama pale stesheni, nitajua kwamba sikumdanganya Metroni.

Ni mimi binti yako nikupendaye,
Paskalia Maganga