Chai Imetoka Puani

Frida! Uko wapi? Nimejifungia chooni kwa wazazi huku Kilolo.

Si nimemleta Shadrack ajitambulishe nyumbani? Baba kamkaribisha chai. Kapiga funda moja, chai IKATOKA PUANI! Ikamrukia baba kwenye shati la kanisani!

Baba akasema, "Labda ya moto, mpozeeni." Ikapozwa. Funda la pili, puani tena! Bibi akaanza kukemea pepo.

Sasa mama mdogo Juliana, si unajua ni nesi? Kawasha tochi ya simu: "Mwanangu, fungua mdomo." Akachungulia. Halafu mbele ya wote: "Una tundu kwenye kaakaa. Unavuta nini?"

"Kokeini, mama. Miaka sita."

Miaka sita, Frida! Imemla pua kwa ndani mpaka ikatoboa dari ya mdomo. Na ile sauti ya puani tuliyoisifia kwamba ni ya mtangazaji? Ni tundu!

Shadrack analia sebuleni. Pete yake ya uchumba nimeivua. Baba ndiye kamfuta uso, akamwambia, "Jumatatu nakupeleka hospitali. Kwanza kaakaa, mahari baadaye."

Mahari, Frida! Mzee bado anaitaka!